Risasi Moja Mlimani

Mwindaji wa shamua katika milima ya Alps hupanda sana na kupiga mara chache. Shamua ni mnyama wa jamii ya mbuzi, mwenye pembe fupi zilizopinda nyuma kwenye ncha, uzito wake kati ya kilo 25 na 50, na makazi yake ni miteremko ya mawe na majani mafupi, juu kabisa ambako miti imekoma kuota. Anayemtaka huanza safari kabla ya alfajiri, na njia ikikatika hushika mwamba kwa mikono. Akifika hulala kifudifudi, huchungulia kwa darubini, husubiri. Risasi inayopigwa kwa kawaida ni moja, kwa umbali wa mita 150 au 200 na kitu, na baada yake huja kazi iliyo nzito kuliko zote, ya kumteremsha mnyama hadi bondeni kwa mgongo. Kwa ajili ya siku za namna hiyo, mafundi wa Austria, Ujerumani na Uswisi waliendelea kutengeneza bunduki ambayo kwingineko ilihesabiwa kuwa ya kale: nyepesi, ya risasi moja, inayofunguka katikati kwa bawaba, isiyo na bolti wala magazini. Nashikilia kwamba kwa mtu anayewinda mlimani kwa miguu bunduki hiyo ingali chaguo bora. Sababu zake, hata hivyo, si zile zinazopendwa kutajwa na mashabiki wake, na mnunuzi anayeifuata kwa sababu zisizo zake atajikuta na silaha isiyomfaa.

Sababu inayotajwa kuliko zote ni ya maadili. Husemwa kwamba mwenye risasi moja hufikiri kabla ya kufyatua, kwamba bunduki yenyewe humfunza subira na heshima kwa mnyama. Wanaosema hivyo ni watu waungwana, lakini historia haiko upande wao. Hadi miaka ya 1880 bunduki nyingi za kawaida duniani zilikuwa za risasi moja. Jeshi la Uingereza lilianza kutumia Snider mwaka 1866 na Martini-Henry mwaka 1871, na katika Afrika Mashariki gobore la kushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu lilisafiri na misafara ya pembe kutoka pwani hadi Maziwa Makuu. Ndovu hawakusalimika kwa sababu gobore hupiga mara moja. Marekani ushahidi ni mchungu zaidi. Baisani, wale nyati wenye manyoya wa nyanda za kati, walikuwa mamilioni kwa mamilioni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1880 walibaki mia kadhaa tu, na miongoni mwa silaha zilizoongoza mauaji hayo ilikuwa Sharps, bunduki nzito ya risasi moja. Mtu aliyelala mbali na kundi, ametulia, akitia risasi moja baada ya nyingine, aliangusha makumi kwa siku. Subira ilikuwepo, kilichokosekana ni kiasi, na kiasi hakiuzwi pamoja na bunduki. Anayetaka kujifunza kutopiga ovyo ataweza kujifunza akiwa na silaha yoyote, na asiyetaka hatafundishwa na chuma.

Tukishaiweka kando hoja hiyo, tunaweza kutazama bunduki yenyewe, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Bolti huhitaji nafasi ya kurudi nyuma kupita urefu wa risasi nzima, ili iweze kutoa ganda tupu na kusukuma risasi mpya kutoka kwenye magazini. Nafasi hiyo hukaa kati ya mtutu na kitako, nayo ni chuma na urefu unaobebwa siku nzima. Bunduki ya bawaba haina haja nayo: mtutu hushuka, risasi huingizwa kwa vidole, mtutu hufungwa. Kwa mitutu ya urefu uleule, bunduki ya namna hii huwa fupi kuliko ya bolti kwa karibu sentimita 10, au kwa urefu uleule wa jumla mwindaji anapata mtutu mrefu zaidi, na mtutu mrefu huipa risasi kasi na hupunguza kishindo karibu na uso. La muhimu zaidi ni kwamba inaachana. Ukiondoa mbao ya mbele, mtutu hutoka kwenye bawaba na bunduki inakuwa vipande vitatu, kila kimoja kikitosha ndani ya shanta. Mtu anayepanda jabali akiwa na mikono yote miwili huru, bila mtutu unaogonga mwamba nyuma ya kichwa chake, amepata kitu ambacho kupunguza gramu peke yake kusingempa.

Si kila bunduki ya risasi moja inayo sifa hiyo, na hapa wanunuzi wengi huchanganya mambo. Ipo familia nyingine, ile ambayo kipande kizito cha chuma nyuma ya risasi hushuka na kupanda kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio. John Farquharson wa Scotland alipata hataza ya mtambo wa aina hiyo mwaka 1872, John Browning wa Marekani akabuni wake ambao Winchester iliuuza kuanzia 1885, na mwaka 1967 kampuni ya Ruger ilirudisha wazo hilo sokoni kwa bunduki yake ya No. 1, ambayo umbo lake linamkumbuka Farquharson waziwazi. Ni mitambo imara kupita kiasi, na ni fupi pia. Lakini No. 1 huwa na uzito wa kilo 3.2 hadi 3.6 kabla ya kufungwa darubini, na haikutengenezwa ili iachanishwe njiani. Kwa uzuri na uimara sina neno dhidi yake. Kwa kupandia mlima, bunduki za bawaba kama Blaser K95 inayotoka Isny kusini mwa Ujerumani, Merkel za Suhl, au zile zinazotengenezwa kwa mkono na mafundi wa Ferlach huko Austria, zenye uzito wa kilo 2.5 hivi, ziko katika daraja jingine.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa bunduki za bolti zenyewe, maana nazo hazikulala. Kimber ya Marekani hutengeneza bunduki ya bolti kwa ajili ya milima yenye uzito wa kilo 2.2 hivi, ikiwa na magazini yake. Kama mizani ndiyo hakimu, kesi imekwisha na bunduki ya risasi moja imeshindwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba anayenunua bunduki ya bawaba kwa ajili ya uzito tu anafanya hesabu ya zamani. Hesabu ya leo ina mambo mengine mawili. La kwanza ni hilo la urefu na kuachana, ambalo bunduki nyepesi ya bolti hailigusi: itakuwa nyepesi, lakini itabaki fimbo ya mita moja inayojitokeza juu ya shanta. La pili ni namna bunduki inavyobebwa ikiwa na risasi ndani, na hili lastahili maelezo marefu kwa kuwa linahusu uhai.

Katika bunduki nyingi za bolti, risasi ikishaingia kwenye chemba, springi ya pini ya kufyatua imekwisha kubanwa. Nguvu yote ya kuwasha fataki ipo tayari, inazuiwa na kipande kidogo cha chuma na kizuizi cha usalama kinachosukumwa kwa kidole gumba. Kizuizi kizuri hufanya kazi yake, lakini kinaweza kuguswa na kamba, na tawi, na glavu. Kinaweza pia kusahauliwa. Wahunzi wa bunduki za Alps walichukua njia nyingine. Kwenye K95 na nyingi za jamii yake, bunduki huweza kuwa na risasi ndani ilhali springi imelegea kabisa. Mwindaji akiwa tayari kupiga, ameshalala na ameshaegemeza mtutu, ndipo anapoikoki kwa kusukuma kitelezi kilicho nyuma ya mtutu kwa kidole gumba. Akibadili nia, hukirudisha, na bunduki inakuwa baridi tena bila risasi kutolewa. Akiteleza juu ya changarawe na bunduki ikaanguka mita 20, hakuna springi iliyobanwa ya kufyatuka. Inafaa kusema kwamba mfumo huu haumilikiwi tena na bunduki za risasi moja pekee. Blaser wenyewe wameuweka kwenye bunduki yao ya R8 yenye magazini. Lakini kwenye bunduki ya bawaba una mwenzake: ukiifungua tu, kila mtu aliye karibu anaona kwamba haiwezi kupiga. Pale watu wawili wanaposaidiana kupita mahali pabaya na bunduki inapokezwa mkono kwa mkono, usalama unaoonekana kwa macho una thamani ambayo hakuna alama nyekundu ya kizuizi inayoweza kuifikia.

Sasa tuje kwenye risasi ya pili, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukataa kuendelea kusikiliza. Wanauliza: mnyama akijeruhiwa je? Swali ni la haki, na mwindaji asiyejiuliza hilo hafai kuwa na bunduki yoyote. Jibu langu la kwanza ni la vitendo. Mtu aliyefanya mazoezi hufungua, hutoa ganda, huingiza risasi na kufunga katika muda wa sekunde chache, mradi risasi ya pili iko mahali pamoja siku zote, kwenye mkanda wa kitako au katikati ya vidole vya mkono wa kushoto. Asiyefanya mazoezi atapapasa mfukoni kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, na huyo kweli anahitaji magazini. Jibu la pili linahusu mnyama mwenyewe. Shamua aliyepigwa vizuri nyuma ya bega huenda mbali kidogo tu, na aliyepigwa vibaya kwa kawaida hutoweka nyuma ya mwamba kabla hata ya bolti kurudi mbele. Kinachomwokoa mnyama asiteseke ni mahali risasi ya kwanza ilipofikia, kisha uvumilivu wa kufuata damu, na mara nyingi mbwa. Risasi ya haraka inayorushwa nyuma ya mnyama anayekimbia kwenye mteremko, kwa mtu anayehema na moyo unaodunda, huongeza jeraha mara nyingi kuliko inavyomaliza.

Lakini hoja hii ina mipaka, na ni wajibu kuiweka wazi. Katika misako ya nguruwe mwitu huko Ulaya, ambako wapiga mayowe na mbwa huwafukuza wanyama mbele ya mstari wa wawindaji, nguruwe kadhaa hupita kwa kasi na nafasi ni ya kufumba na kufumbua. Huko bunduki ya risasi moja haina kazi. Wala haina kazi mbele ya mnyama anayeweza kumgeukia mwindaji. Ni kweli kwamba Frederick Courteney Selous, ambaye kaburi lake liko Beho Beho katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere nchini Tanzania, aliwinda ndovu kusini mwa Afrika katika miaka ya 1870 akiwa na bunduki za risasi moja, kwanza magobore makubwa mno na baadaye za kisasa zaidi. Alifanya hivyo kwa kuwa ndizo zilizokuwepo. Walipotokea mafundi wa bunduki za mitutu miwili zinazoaminika na bolti za Mauser, wawindaji wa nyati na ndovu walihama, na walikuwa na haki. Anayedhani kwamba ushujaa wa kale ni sababu ya kukabili nyati na risasi moja leo anaweka hatarini pia maisha ya anayetembea naye.

Huyo Selous anatufikisha kwenye suala la ukubwa wa risasi, kwa kuwa aliacha ushuhuda mzito. Aliandika kwamba alijuta kuyatumia magobore yale makubwa, kwa kuwa kishindo chake kilimharibia utulivu wa kupiga kwa miaka iliyofuata. Anayenunua bunduki nyepesi anapaswa kulitafakari hilo kabla hajachagua risasi. Kanuni ya fizikia haina huruma: kwa risasi ileile, nishati ya msukumo wa nyuma hupanda kadiri uzito wa bunduki unavyoshuka. Ukitoka kwenye bunduki ya kilo 4 pamoja na darubini yake hadi ya kilo 3, bega linapokea theluthi moja zaidi. Risasi yenye nguvu kubwa iliyokuwa ya kuvumilika kwenye bunduki nzito huwa adhabu kwenye nyepesi, na mwili hujifunza kuiogopa kimyakimya. Kope hufumba, kidole huvuta kwa ghafla, shabaha inakwenda. Nawaona wanunuzi wanaochagua bunduki ya kilo 2.5 kisha wakaitaka iwe na risasi ya magnamu ya .300 kama watu wanaobomoa kwa mkono mmoja walichojenga kwa mwingine.

Kiasi kinachohitajika hakika si kikubwa. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani hudai kwa wanyama wa ukubwa wa shamua kipenyo kisichopungua milimita 6.5 na nishati isiyopungua jouli 2000 kwenye mita 100. Risasi kongwe ya 7×57R, yenye kichwa cha gramu 9 au 10 hivi, huvuka kiwango hicho kwa nafasi nzuri na hurudi begani kwa upole. Herufi R huonyesha kwamba ganda lake lina ukingo uliotokeza kwenye kitako. Ukingo huo huzuia risasi isizame kupita kiasi kwenye chemba na huipa ndoano ya kutolea ganda mahali pa kushika bila hila ya springi ndogo, jambo linalofaa sana pale mikono ina baridi na chemba ina vumbi. Ganda lisilo na ukingo linaweza kutumika kwenye bunduki nyingi za bawaba za siku hizi, na upatikanaji wake madukani ni rahisi zaidi. Anayesafiri sana nchi za mbali ana sababu ya kulipendelea. Kwa mwindaji wa mahali pamoja, ukingo ni bora. Hapa kuna tahadhari moja ambayo wauzaji huipita haraka. Viwango vya C.I.P., taasisi ya kimataifa ya upimaji wa silaha, huruhusu shinikizo la bar 3900 kwa 7×57 ya kawaida lakini 3400 tu kwa 7×57R, kwa kuwa bunduki nyingi za zamani za bawaba hazikujengwa kwa mzigo mkubwa zaidi. Vipimo vinakaribiana, lakini risasi hizo mbili si mapacha.

Sheria ya mahali yaweza hata kugeuza hesabu yote. Katika jimbo la Graubünden huko Uswisi, kwa miongo mingi mwindaji wa msimu mkuu wa milimani ametakiwa kuwa na kipenyo kisichopungua milimita 10.2, na matokeo yake ni kwamba bunduki ya jadi ya huko ni ya risasi moja ya 10.3×60R, nene na nzito ya kichwa, inayokwenda polepole kuliko za majirani. Anayeishi humo hachagui kati ya milimita 6.5 na 7, amekwishachaguliwa. Kwa hiyo kitabu cha sheria husomwa kabla ya orodha ya bei.

Kuhusu usahihi, lawama dhidi ya bunduki za bawaba zina ukweli nusu. Mtutu wake mwembamba hupata moto haraka, na ukipiga risasi tano mfululizo kwenye uwanja wa shabaha utaona matundu yakitambaa kwenda upande mmoja. Wanaoipima hivyo huondoka wakisema haina shabaha. Lakini mlimani mtutu hupiga ukiwa baridi, na cha kupimwa ni mahali risasi hiyo ya kwanza inapofikia, leo na wiki ijayo. Kipimo cha haki ni risasi moja, kusubiri mtutu upoe kabisa, kisha nyingine, hata kama itachukua asubuhi nzima. Tatizo la kweli liko kwenye mbao ya mbele. Mara nyingi imefungwa kwenye mtutu wenyewe, na ukiibana juu ya jiwe gumu, au ukivuta kwa nguvu ukanda ulioshikizwa kwenye mtutu, unabadilisha jinsi chuma kinavyotetemeka na risasi huhama. Shanta laini chini ya mbao, karibu na bawaba, na mkono usiovuta ukanda, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Ndiyo maana mazoezi yafanywe kwa kuegemea kitu kilekile kitakachoegemewa mlimani.

Darubini nayo huharibu bunduki nyingi nzuri. Yenye lenzi ya milimita 56, iliyotengenezwa kwa ajili ya kusubiri nguruwe gizani, hupita kwa urahisi gramu 600 na hukaa juu sana, hivyo bunduki iliyosawazishwa mkononi huanza kujiviringisha. Yenye lenzi ya milimita 36 au 42 yatosha kabisa kwa mnyama anayewindwa mchana, na huokoa robo kilo pale juu ambako uzito huumiza zaidi. Kishikizo chake kiwe cha kutoka na kurudi bila kupoteza shabaha, la sivyo ile faida ya kuachanisha bunduki inapotea mara tu darubini inapofungwa.

Inabaki bei, na hapa sina la kuifariji mifuko ya watu. Bunduki za Isny, Suhl na Ferlach ni ghali, na za Ferlach ni ghali kweli. Zipo za bei nafuu zinazotumia bawaba, kama IZh-18 ya kiwanda cha Izhevsk nchini Urusi, au zile za Harrington & Richardson ambazo zilitengenezwa Marekani hadi 2015. Ni nzito zaidi, kifyatulio chake mara nyingi ni kigumu, lakini zinaachana na zinapiga, na kwa mtu mwenye fedha chache ninaona ni busara zaidi kuchukua mojawapo na kutumia kilichobaki kwa risasi za mazoezi kuliko kuchukua bolti nyepesi ya bei ya kati ambayo hataimudu kuifanyia mazoezi. Njia nyingine ni kununua iliyotumika. Katika hali hiyo ukaguzi uelekezwe kwenye bawaba. Toa mbao ya mbele, funga mtutu, shika kitako kwa mkono mmoja na mtutu kwa mwingine, kisha ujaribu kuitikisa pande zote. Kisichopaswa kucheza ni mahali mtutu unapokutana na ukuta ulio nyuma ya risasi. Elekeza mahali hapo kwenye mwanga. Ukiona mstari wa nuru ukipenya, au ukisikia mgongano mdogo wa chuma, irudishe kwa mwenyewe, hata kama mbao yake ni ya jozi nzuri na nakshi zake zinavutia, kwa kuwa kurekebisha kufuli ya bawaba iliyolegea ni kazi ya fundi aliyebobea na gharama yake huweza kukaribia bei uliyotaka kulipa.